Macho Yatangulie, Mkono Ufuate: Mafumbo ya Mchezo wa Go na Mazoezi ya Akili

Mtu akigongwa na gari akavunjika miguu, hupelekwa hospitali, hufungwa plasta na huambiwa apumzike. Mwezi Januari 1986 jambo hilo lilimpata Cho Chikun, bingwa wa mchezo wa Go huko Japani. Aligongwa na gari siku chache tu kabla ya pambano la kutetea taji kubwa liitwalo Kisei. Aliumia vibaya miguu yote miwili na mkono wa kushoto. Hata hivyo alikwenda kwenye pambano akiwa katika kiti cha magurudumu, akacheza na Kobayashi Koichi. Taji alilipoteza kwa michezo 4 kwa 2, lakini hiyo miwili aliyoshinda inatosha kutufundisha jambo.

Hatumtaji Cho ili wagonjwa watoroke wodini. Tunamtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba mchezo huu huchezwa kwanza kichwani, kisha ubaoni. Mwili ulikuwa umefungwa plasta, lakini uwezo wa kuona mbele haukuwa umevunjika. Uwezo huo Wajapani huuita "yomi", maana yake kusoma. Mchezaji husoma ubao kama wewe unavyosoma ukurasa huu, tofauti ni kwamba yeye husoma maneno ambayo bado hayajaandikwa.

Je, uwezo huu mtu huzaliwa nao, au hupatikana kwa mazoezi? Unaweza kuufanyia mazoezi nyumbani? Na kuna faida gani kwa afya? Haya ndiyo tutakayoeleza mwezi huu.

GO NI MCHEZO GANI?

Go ni mchezo wa watu wawili uliotoka China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wachina huuita weiqi, Wakorea huuita baduk, na Wajapani huuita igo au Go. Ubao wake una mistari 19 ya wima na 19 ya kulala, hivyo kuna makutano 361. Kete huwekwa kwenye makutano ya mistari, si ndani ya vyumba kama katika drafti. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, na mweusi ndiye anayeanza. Kete ikishawekwa haisogezwi tena. Lengo ni kuzungushia eneo kubwa kuliko mwenzako.

Yeyote anayeishi na shinikizo la damu au pumu atauelewa mchezo huu upesi, kwa sababu msingi wake ni pumzi. Kila kete hupumua kwa njia ya makutano matupu yaliyo kando yake kwenye mistari. Kete iliyo katikati ya ubao ina pumzi 4, ya ukingoni ina 3, ya pembeni kabisa kwenye kona ina 2. Kete za rangi moja zilizoshikana hupumua pamoja. Mwenzako akiziba pumzi zote, kete zako hutekwa na kuondolewa ubaoni.

Kuna sheria nyingine muhimu. Hairuhusiwi kuweka kete mahali pasipo na pumzi, isipokuwa kama kwa kuiweka hapo unateka kete za mwenzako papo hapo. Kutokana na sheria hii, kundi la kete lenye vishimo viwili vilivyotengana ndani yake haliwezi kuuawa kamwe. Vishimo hivyo huitwa macho. Adui hawezi kuziba vyote viwili kwa mara moja, na akijaribu kimoja anakosa pumzi. Kwa hiyo, kundi lenye macho mawili ni hai. Lenye jicho moja tu, likizingirwa, limekufa hata kama bado linaonekana lipo ubaoni.

DALILI ZA KUSOMA KWA UDHAIFU

Mwenye tatizo hili mara nyingi hajijui. Husema tu, "Leo sina bahati." Chunguza kama una dalili zifuatazo:

1. Mkono hutangulia macho. Unaweka kete, kisha ndipo unaanza kufikiri.

2. Unasoma unachokitaka. Unajiambia, "Nitaweka hapa, naye ataweka pale, nami nitamteka." Lakini hapo pale ulipompangia ni mahali panapokufaa wewe. Yeye hana sababu ya kukutii.

3. Unasimama kwenye wazo la kwanza. Ukiona njia moja inayopendeza, hutafuti ya pili.

4. Picha hufutika. Ukifika hatua ya tatu kichwani, umeshasahau kete ya kwanza uliiweka wapi.

5. Unashtuka kupita kiasi. Kete moja ikibakiwa na pumzi moja unaikimbilia kuiokoa, ingawa kuitoa mhanga kungekuokolea kundi zima.

Dalili ya pili ndiyo mbaya kuliko zote. Hata nje ya ubao tunaijua. Ni yule mtu anayehesabu mavuno kabla ya mvua, au anayekopa akitegemea kwamba kila mtu atamlipa kwa wakati. Kumsoma mwenzako kwa haki, yaani kumpa hatua iliyo nzuri kabisa kwake, ni nidhamu ngumu. Inamaanisha kwa dakika chache unakuwa wakili wa mpinzani wako.

CHANZO CHAKE

Watu hudhani bingwa ana kichwa kikubwa kuliko wengine. Utafiti haukuonyesha hivyo. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, walichapisha utafiti juu ya mchezo wa sataranji. Waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakawataka waupange upya kwa kukumbuka. Ubao ulipotoka katika mchezo wa kweli, hodari alikumbuka vipande vingi kuliko anayeanza. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo bila maana, tofauti yao karibu ilitoweka. Mwaka 1976 Judith Reitman alichunguza wachezaji wa Go akaona jambo linalofanana na hilo.

Maana yake ni nini? Hodari haoni kete moja moja. Huona maumbo. Wewe unayesoma Kiswahili huoni k-i-t-a-b-u, unaona "kitabu" mara moja. Mtoto wa darasa la kwanza huunganisha herufi kwa jasho. Basi udhaifu wa kusoma katika Go, kwa kawaida, husababishwa na uhaba wa maumbo yaliyohifadhiwa kichwani, pamoja na tabia mbaya ya kufikiri kwa haraka. Yote mawili yana tiba.

TIBA: MAFUMBO

Tiba hiyo ni mafumbo ya mazoezi. Wajapani huyaita tsumego. Fumbo ni sehemu ndogo ya ubao iliyochorwa kwenye karatasi, pamoja na swali fupi: "Mweusi aanze, aishi," au "Mweusi aanze, aue." Hakuna bahati na hakuna saa inayokukimbiza. Kuna wewe na ukweli tu.

Tiba hii ni ya kale. China kuna kitabu cha mafumbo kiitwacho Xuanxuan Qijing, cha karne ya 14, na mpaka leo wanafunzi wanakitumia. Japani, mwaka 1713, Inoue Dosetsu Inseki alikusanya mafumbo 183 katika kitabu kiitwacho Igo Hatsuyoron. Fumbo la 120 la kitabu hicho ni gumu mno. Wachezaji wa kulipwa wamebishana juu yake kwa muda mrefu, na siku hizi hata programu za kompyuta zimetumiwa kulichunguza. Cho Chikun mwenyewe, aliyetoka Korea kwenda Japani mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 6 ili kufundishwa na Kitani Minoru, baadaye alitunga vitabu vikubwa vya mafumbo ya kuishi na kufa vinavyotumiwa na wanafunzi nchi nyingi.

Tuanze na mafumbo matatu mepesi. Chukua karatasi na kalamu, au panga maharage na mahindi mezani.

Fumbo la kwanza. Kundi lako jeusi limezingirwa pande zote. Ndani yake mmebaki nafasi tatu tupu zilizopangwa mstari mmoja: 1, 2, 3. Ni zamu yako. Uweke wapi? Jibu ni 2. Ukiweka katikati, 1 inakuwa jicho na 3 inakuwa jicho la pili. Umeishi. Lakini kama ni zamu ya mweupe, naye atakimbilia hapo hapo 2. Akisha kukaa katikati huwezi tena kutengeneza macho mawili. Wachezaji wana msemo kwamba mahali muhimu pa adui yako ndipo mahali muhimu pako. Kundi la aina hii ni kama mgonjwa anayehitaji dawa leo, si kesho.

Fumbo la pili. Nafasi ni nne katika mstari: 1, 2, 3, 4. Safari hii ni zamu ya mweupe. Je, anaweza kukuua? Msomee kwa haki. Akiweka 2, wewe unaweka 3, na macho yako mawili yametengana. Akiweka 3, wewe unaweka 2. Akianzia 1 au 4 hali yako ni nafuu zaidi. Kwa hiyo, kundi hili liko hai bila kuguswa. Anayeongeza kete hapo "kwa usalama" amepoteza zamu bure. Asiyeumwa hamezi dawa.

Fumbo la tatu. Nafasi ni nne pia, lakini zimepangwa kama mraba, mbili juu na mbili chini. Ni zamu yako. Weka popote upendapo: zitabaki nafasi tatu zenye umbo la kiwiko. Mweupe ataweka kwenye kona ya kiwiko, na mchezo umekwisha. Kundi hili limekufa ingawa ni wewe uliyeanza. Kuliongezea kete ni kumchoma sindano marehemu. Afadhali uende kuokoa kwingine.

Angalia jinsi mafumbo haya matatu yanavyofanana kwa macho na yanavyotofautiana kwa hukumu. La kwanza linategemea nani anaanza. La pili ni hai. La tatu ni mfu. Ukishayashika barabara, hutayasoma tena hatua kwa hatua, utayaona tu. Nguvu ya akili iliyobaki utaitumia kwa magumu zaidi. Hivyo ndivyo maumbo yanavyojengwa, haba na haba.

NAMNA YA KUTUMIA DAWA

Dawa nzuri ikitumiwa vibaya haiponyi. Fuata utaratibu huu kwa kila fumbo:

(a) Tazama kwanza bila kutafuta jibu. Ni zamu ya nani? Swali linataka nini? Hesabu pumzi za kila kundi. Tafuta kete zilizobakiwa na pumzi moja au mbili.

(b) Orodhesha hatua zinazowezekana, angalau tatu. Kwa kawaida mshambuliaji ana njia kuu mbili: kubana nafasi kutoka nje, au kuingia ndani na kukalia mahali muhimu. Usiache hatua kwa sababu tu inaonekana ya kijinga. Mwezi Machi 2016, mjini Seoul, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea michezo 4 kwa 1. Ule mmoja ilioshindwa ulikuwa wa nne. Lee aliweka kete yake ya ajabu katika hatua ya 78, hatua ambayo programu ilikuwa imeikadiria kuwa na nafasi ndogo sana ya kuchezwa. Baada ya hapo mashine iliyumba. Hata mashine husumbuliwa na hatua isiyotazamiwa.

(c) Kwa kila hatua jiulize: jibu kali kabisa la mwenzangu ni lipi? Usiendelee mpaka umelipata.

(d) Mikono ikae magotini. Usisogeze kete wala kuchora. Ukisogeza kete, macho yanafanya kazi na kichwa kinalala. Picha ikifutika, rudi mwanzo uisome upya. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe.

(e) Amua. Sema kwa sauti au andika: "Jibu langu ni hapa, na akijibu pale nitaweka kule." Kisha tu ndipo ufungue ukurasa wa majibu.

(f) Ukikosa, weka alama. Lirudie fumbo hilo kesho, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi.

Kifungu cha (e) na cha (f) vina ushahidi mzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi. Wale waliosoma habari mara nyingi walijiona wanajua, na dakika chache baadaye kweli walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Naye Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunakaa kichwani kuliko kurundika siku moja.

Kwa hiyo, kuangalia jibu mapema ni kama kumeza kidonge na kukitema. Unasema, "Aa, hata mimi ningeliona hilo." Hapana, hukuliona. Hakuna anayekukagua wala anayekupa alama. Anayedanganywa ni mmoja, na ndiye huyo huyo atakayepoteza mchezo wa Jumapili.

DOZI

Kwa anayeanza: mafumbo mepesi 10 kwa siku, dakika 15 hadi 20. Yawe mepesi kiasi kwamba unapata kama 8 kati ya 10. Watu wengi hupenda kuanza na magumu ili waonekane hodari. Ni kosa. Mafumbo mepesi yakirudiwa mara nyingi ndiyo yanayojenga maumbo. Ukimaliza kitabu, kianze tena. Safari ya tatu utashangaa kuona majibu yanakurukia machoni.

Kwa aliyeendelea: mafumbo mepesi 5 ya kupasha akili moto, kisha fumbo gumu 1 au 2. Gumu unaweza kulibeba kichwani ukienda shambani au ukisubiri basi. Kama baada ya siku kadhaa limekataa, angalia jibu, lakini soma pia kwa nini jibu lako lilishindwa. Wako walimu wanaokataza kabisa kuangalia majibu, na wako wanaoruhusu baada ya jitihada ya kweli. Wote wanakubaliana katika jambo moja: jitihada itangulie.

Muda: kila siku kidogo. Saa tatu za Jumamosi hazifikii dakika 20 za kila siku.

Vifaa: huhitaji kununua kitu. Chora kwenye kadibodi ubao mdogo wa mistari 9 kwa 9, wenye makutano 81. Vizibo vya soda vya rangi mbili vinatosha kuwa kete. Mwenye simu ya kisasa anaweza kupata programu zenye maelfu ya mafumbo. Ila simu ina hatari yake: ni rahisi kubonyeza kubahatisha mpaka ipate. Kubahatisha si kusoma.

JE, MAFUMBO YANAZUIA UGONJWA WA KUSAHAU?

Swali hili huulizwa sana, hasa na wenye wazazi wazee. Hapa yafaa tuseme ukweli mtupu, maana pamekuwa na biashara kubwa ya kuuza "michezo ya ubongo". Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuishtaki kwa kutangaza faida ambazo haikuweza kuzithibitisha.

Yanayojulikana ni haya. Mwaka 2003 Joe Verghese na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 wa eneo la Bronx, New York, wote wakiwa na zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa na ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Ni habari njema, lakini haithibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga. Huenda ubongo unaoanza kudhoofika ndio unaomfanya mzee aache michezo mapema.

Utafiti mwingine, wa Finland, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusu watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77. Nusu yao kwa miaka 2 walipewa mpango wa mambo manne pamoja: chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kuangaliwa shinikizo la damu na hatari nyingine za moyo. Matokeo yao katika vipimo vya akili yaliongezeka kuliko ya wenzao waliopewa mashauri ya kawaida tu. Zingatia neno "pamoja".

Aidha, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtu huwa hodari hasa katika kile anachokifanyia mazoezi. Mafumbo ya Go yatakufanya usome vizuri ubao wa Go. Usitegemee kwamba yatakukumbusha ulikoweka funguo.

Basi mzee mwenye shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa sababu amejifunza mchezo mpya. Acheze, atembee, ale mboga, apime damu. Na akianza kupotea njia ya nyumbani au kusahau majina ya wanawe, apelekwe kwa daktari, asipewe fumbo.

MADHARA NA TAHADHARI

Mafumbo hayana sumu, lakini mwili unaokaa muda mrefu huumia. Inuka kila baada ya nusu saa, nyoosha mgongo, tazama mbali ili macho yapumzike. Usisome mafumbo kwenye giza. Usilale na fumbo gumu kichwani kama una shida ya usingizi, kwa maana usingizi ndio wakati ubongo unapohifadhi uliyojifunza mchana. Fumbo halifai kuiba dawa ya fumbo.

Pombe na kusoma mbele haviendi pamoja. Fujisawa Hideyuki wa Japani alikuwa mnywaji mkubwa, na watu wote walilijua hilo. Lakini ilipokaribia kutetea taji la Kisei, aliacha kunywa mpaka pambano liishe. Alilishika taji hilo mara 6 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1982. Yeye mwenyewe alijua kipi kinakiharibu kipi.

MASWALI MAFUPI

Nina umri wa miaka 60. Sijachelewa? Hapana. Bingwa wa kulipwa huanza utotoni, lakini wewe hutafuti ubingwa. Maumbo matatu uliyojifunza leo hapa juu hayakukuuliza umri.

Mtoto wangu anachoka upesi. Nifanye nini? Mpe mafumbo mepesi matano, mkae pamoja, na acha wakati bado anapenda kuendelea. Akikosa usimcheke. Mwulize tu, "Na mwenzako angejibuje?" Swali hilo moja likimkaa, amepata nusu ya mafunzo.

Nafanya mafumbo kila siku lakini bado nashindwa. Kwa nini? Kwenye fumbo unaambiwa kwamba jibu lipo. Kwenye mchezo hakuna anayekunong'oneza, "Simama, hapa kuna kuishi na kufa." Basi kila mwenzako anapoweka kete, kabla ya kujibu jiulize mambo mawili: Ametaka nini? Kundi langu lipi limepungukiwa pumzi? Na baada ya mchezo, tafuta pale kundi lako lilipofia, ulichore, ulifanye kuwa fumbo. Mafumbo yatokanayo na makosa yako mwenyewe ndiyo dawa iliyochanganywa kwa ajili yako hasa.

KWA KUMALIZIA

Ndugu msomaji, kusoma katika Go hakuhitaji kipaji cha ajabu. Kunahitaji mambo matatu: kutazama kabla ya kugusa, kumpa mwenzako haki yake ya kujibu kwa nguvu zake zote, na kutojidanganya juu ya ulichokiona na usichokiona. Leo jioni chora zile nafasi tatu za mstari, nne za mstari, na nne za mraba. Mwulize aliye karibu nawe: lipi ni hai, lipi ni mfu, na lipi linangoja dawa? Mikono ikae magotini mpaka mmoja wenu aweze kueleza kwa nini.